Kinundu cha pua: sindano haikiondoe, inakifunika tu

Video za kunyoosha pua bila kupasuliwa zinafika mpaka kwa simu za wakaaji wa Mushaki: sindano mbili tatu, kinundu kimepotea. Lakini kinundu ni mfupa na gegedu, hakiende popote. Munganga anaingiza jeli, mara nyingi ya asidi ya ialuroniki, juu na chini yake, mgongo wa pua unaonekana kunyooka. Kumbe pua imeongezwa, haikupunguzwa. Kisha miezi kadhaa jeli inayeyuka, na feza inatoka tena.

Hatari yenyewe iko kwa mishipa ya damu, juu ile ya pua imeungana na ya jicho. Jeli ikiingia ndani ya mshipa, ngozi inaweza kuoza, ao mtu anapofuka. Kuna dawa ya kuiyeyusha, ialuronidasi, lakini inapaswa kuchomwa haraka sana, na jicho haliponake kila mara. Kutoka Mushaki, mgonjwa atapita kwanza Sake ndiyo afike Goma, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025.

Ile "kalamu" isiyo na sindano inayouzwa kwa intaneti, FDA ya Marekani ilionya watu wasiitumie, Oktoba 2021. Dada anayeitwa saluni kutengenezwa pua aulize kwanza: dawa ya kuyeyusha iko hapa? Na nani anajua kuichoma?