Dola Moja ya Upepo

Mnamo mwaka wa 2000, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, Marekani, walipiga kura kujiongezea ada: dola 1 kila muhula, ya kununulia umeme wa upepo. Wapo watakaocheka. Mwanafunzi wetu, ambaye karo yenyewe humtoa jasho, aongezewe? Hoja hiyo naiheshimu. Mimi mwenyewe nimewahi kuzuiwa mlangoni pa chumba cha mtihani kwa deni. Hata hivyo, Januari 1999 wanafunzi wa Nairobi walipambana na polisi wakiutetea msitu wa Karura. Uchungu tulikuwa nao. Tulichokosa ni mfuko tulioupigia kura na kuukagua wenyewe. Iwe shilingi 10 tu, mradi hesabu zibandikwe ubaoni, nitatoa leo.