Tumbo halina kosa, ni wasiwasi

Wako watu jijini Nairobi ambao wamepimwa kila kitu isipokuwa kile kinachowasumbua. Tuseme ni karani, ana kazi, watoto wanasoma, hana deni la kumtisha. Hata hivyo akiketi ndani ya matatu anawaza kama alizima jiko. Akifika ofisini anawaza kwa nini meneja hakumjibu salamu. Mkewe akichelewa dakika kumi, yeye tayari amekwisha kumwona wodini. Hupata usingizi saa nane za usiku na kuamka shingo imekakamaa, tumbo linamchoma.

Basi huenda zahanati. Leo ataambiwa ni homa ya matumbo, mwezi ujao vidonda vya tumbo, kisha presha. Fedha zinakwisha, wasiwasi uko pale pale. Kwa maoni yangu lawama si ya mgonjwa, kwani ni nadra kuulizwa, "Je, kichwani unawaza nini siku nzima?"

Wasiwasi wenyewe si ugonjwa. Asiyekuwa nao hata kidogo asijaribu kuvuka barabara ya Thika. Lakini ukidumu miezi 6 au zaidi, ukirukia jambo hili na lile, usizuilike, na ukaandamana na uchovu, hasira za karibu na misuli kukaza, huo ni ugonjwa. Tangu 2006 madaktari wana maswali 7 ya kuupima, yanayojibiwa kwa dakika chache bila mashine yoyote. Ni kweli tezi ya shingo ikizidisha kazi huleta dalili kama hizi, hivyo kipimo kimoja cha damu kina maana. Vipimo kumi havina.

Na tiba ipo. Ya kwanza ni mazungumzo na mtaalamu, aghalabu mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi 3 hivi. Hayo si mawaidha ya "jikaze". Mgonjwa hufundishwa kuandika mawazo yake, kutenga yale anayoweza kuyafanyia jambo na yale asiyoweza, na kuacha kupiga simu nyumbani mara sita kuuliza kama wote wazima. Kupunguza kahawa na miraa pia husaidia. Wengine huhitaji dawa, zile zile zinazotibu ugonjwa wa huzuni kuu, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Wengi huziacha siku ya tano wakidai hazifai kitu!

Ninaloliogopa ni Valium ya kununuliwa kichochoroni. Hutuliza upesi, na kwa sababu hiyo hiyo mtu huizoea na kutaka zaidi. Ukichanganya na pombe unaweza kuacha kupumua. Aliyekwisha kuizoea naye asiikate ghafla, kwani anaweza kupata kifafa. Amwendee daktari ampunguzie kidogo kidogo.