Nani Aliyefuta? Kauli za Vitenzi na Batli za Programu Zetu

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani kuna mahali methali hii imetiiwa kuliko mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Langoni mwa nyumba za Buruburu au Donholm, mlinzi hamwachi mgeni apite kabla ya kuandika jina lake na saa aliyoingia. Kwa miaka mingi baada ya huduma ya M-Pesa kuzinduliwa mwezi Machi 2007, wakala wa Kayole au Dandora alikuwa na daftari lake lililochorwa mistari, na mteja hakupewa fedha zake kabla ya kutia sahihi. Anayeibiwa huenda kituoni, kisa chake kikaandikwa katika kitabu cha matukio, naye akarudi nyumbani na nambari ya OB mfukoni. Hata katika vyama vya kufaana vya akina mama, katibu asiyekuwa na daftari si katibu.

Sasa madaftari hayo yanahamia ndani ya tarakilishi na rununu, na katika kuhama huko kuna jambo linaloachwa nyuma. Dai langu ni kwamba jambo hilo linatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja, wala si la wenzetu wa idara ya sayansi ya tarakilishi peke yao.

Nianze kwa kisa. Chama kimoja cha kufaana mtaani Umoja, ambacho mimi huandika kumbukumbu za mikutano yake, kiliacha daftari la karatasi kikamwomba kijana wa mtaa huo huo akiundie programu ndogo ya kuwekea hesabu za michango. Programu ilipendeza macho: jina la mwanachama, kiasi, tarehe, jumla. Baada ya miezi kadhaa, mama mmoja anayeuza mboga katika soko la Mutindwa alifiwa na mumewe, akaja kuomba msaada wa mazishi ambao ni haki ya kila aliyelipa michango yake yote. Programu ikaonyesha kuwa michango yake mitatu haipo. Yeye alizikumbuka siku alizolipa, na mweka hazina naye alikumbuka kupokea angalau mchango mmoja. Kijana alipoulizwa, alijibu kwa upole: "Imefutika, mama." Mama akamtazama kitambo, kisha akasema: "Imefutika yenyewe, mwanangu?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Programu ilijua kuongeza na kufuta, lakini haikuandika mahali popote kwamba imeongeza au imefuta. Ilikosa batli.

Neno hili batli ni la mabaharia: kitabu ambamo nahodha huandika habari za safari ya chombo chake. Wapo wanaosema "logi", nami sina ugomvi nao wakiwa kazini. Wapo pia wanaosema "kumbukumbu", na hapo ndipo ninapopinga, kwa kuwa neno hilo limekwisha kubebeshwa mikutano, makaburi na uwezo wa akili ya tarakilishi, kiasi kwamba halina nafasi ya mzigo mwingine. Batli ya programu ni faili ambayo programu yenyewe huiandikia mstari mmoja kila inapotenda jambo la maana: wakati, mtendaji, tendo, na kilichotendwa. Mistari huongezwa mwishoni tu. Ya nyuma hairekebishwi, kama vile nahodha asivyorudi kuifuta dhoruba ya juzi.

Turejee kwenye swali la mama, maana kwangu ni swali la sarufi. Kijana alitumia kauli ya kutendeka. Kiambishi -ik- humwondoa mtendaji kabisa, tendo likaonekana limezuka lenyewe: kikombe kimevunjika, mchango umefutika. Kauli ya kutendwa ina afadhali, lakini afadhali yake ni ndogo. "Mchango umefutwa" unakiri kuwa yuko aliyefuta, kisha unamficha. Kirai "na fulani" ni cha hiari, na mwandishi mvivu, au mwenye hatia, hukiacha. Kauli ya kutenda ndiyo isiyotoa nafasi hiyo. Katika "alifuta", kiambishi a- hudai jina. Msomaji atauliza ni nani huyo, na mwandishi wa programu atalazimika kuwa na jibu kabla ya kuuandika mstari wenyewe.

Hivyo basi, badala ya "Mchango umefutwa", batli ingesema: "Mtumiaji 04 alifuta mchango nambari 214, shilingi 500, 3 Machi, 20:15." Msemo huu haupendezi masikioni. Lakini mama wa Mutindwa angejua wa kumwendea.

Sisemi kauli ya kutendeka ipigwe marufuku. Umeme ukikatika, umekatika, na wakazi wa Eastlands wanaijua kauli hiyo kuliko wanaisimu. Diski ikiharibika, imeharibika. Kosa ni kumpa binadamu sarufi ya umeme.

Njeo nayo ina neno lake. Wafasiri wengi wa programu hupenda -me-, kwa sababu mbele ya mtumiaji huleta habari mbichi: "Umefaulu", "Faili imehifadhiwa". Batli, hata hivyo, haisomwi na aliyeko mbele ya kioo. Husomwa na mtu mwingine, baada ya wiki au miaka, pengine mahakamani. Kwake yeye "mlango umefunguliwa" ni utata, kwani -me- hudokeza kuwa hali hiyo ingalipo. "Mtumiaji 04 alifungua" ni tukio lililokwisha, lenye saa yake. Mhadhiri wangu mmoja haafikiani nami katika hili. Asema tarehe iliyo mwanzoni mwa mstari yatosha kuondoa utata. Huenda. Nami bado nachagua -li-.

Na saa yenyewe? Hapa Kiswahili kina mtego ambao lugha nyingi hazina. Tukiandika "saa 2:15", msomaji mmoja ataelewa saa mbili na robo kwa hesabu yetu ya kuanzia machweo na macheo, mwingine ataelewa saa ya kimataifa, na tofauti yao ni saa sita kamili. Ongeza kuwa seva nyingi huhesabu kwa saa ya ulimwengu, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na utaona jinsi mtu asiye na hatia anavyoweza kupatikana "ofisini" usiku wa manane. Batli na iandikwe kwa mfumo wa saa 24, ikitaja waziwazi ni saa ya wapi, hata kama sisi wasomaji tutaitamka kwa Kiswahili chetu.

Anayedhani kuwa haya ni mambo madogo ya kukuna vichwa akumbuke mwaka 2017. Baada ya uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti, Mahakama ya Juu ya Kenya iliiamuru tume ya uchaguzi iwape walalamishi nafasi ya kusoma seva zake, batli zikiwemo. Nafasi hiyo haikutolewa kikamilifu. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili wakaubatilisha uchaguzi huo, na katika hukumu kamili ya tarehe 20 Septemba mahakama ikaeleza kuwa ukaidi huo umehesabiwa dhidi ya tume. Taifa zima lilikuwa likiuliza swali la mama wa Mutindwa: nani aliandika nini, na saa ngapi? Siku zile magazeti na redio zetu za Kiswahili zilihangaika kutafuta jina la kitu ambacho hatima ya nchi ilikitegemea. Sisi wa idara za Kiswahili tulikuwa wapi?

Nirudi Umoja, kwa sababu kisa hakikuishia hapo. Kijana, akiwa ameaibika, aliiongezea programu batli. Aliiongeza kwa ghadhabu ya mtu aliyeaibika: kila kibonye kilichobonyezwa, kila ukurasa uliofunguliwa, kila jina lililotafutwa, vyote viliandikwa katika faili moja isiyo na mwisho. Siku ya mkutano mkuu wa mwaka, tarakilishi kuukuu ya mweka hazina ilikataa kuifungua programu. Diski ilikuwa imejaa batli. Daftari lililowekwa kulinda mali likawa ndilo linalowazuia wenye mali kuiona.

Wakala wa M-Pesa asingefanya kosa hilo. Daftari lake lilipojaa, alilifunga, akaandika tarehe juu ya jalada, akaliweka rafuni, akafungua jipya. Programu hufanya vivyo hivyo. Faili ikifikia ukubwa fulani, au siku au wiki ikiisha, hubadilishwa jina na kupewa nambari 1, na faili mpya tupu huchukua nafasi yake. Iliyokuwa 1 huwa 2, iliyokuwa 2 huwa 3, na iliyo kongwe kuliko zote hufutwa. Katika mfumo wa Linux iko programu maalumu ya kazi hiyo, logrotate, ambayo kwa kawaida huja ikiwa imepangwa kubadilisha faili kila wiki na kuhifadhi nne za nyuma.

Tuuite nini utaratibu huu? "Mzunguko wa batli" ni tafsiri ya neno kwa neno nayo inapotosha, kwa sababu hakuna kinachozunguka. Faili kongwe hairudi tena. Mimi napendekeza tuchukue lugha ya walinzi wa langoni: batli hupokezana zamu. Kila mlinzi ana usiku wake, akimaliza hukabidhi, na wa asubuhi haanzi kwa kusoma yote yaliyoandikwa tangu nyumba zilipojengwa.

Ila kupokezana kuna hatari yake, nayo haimo katika istilahi. Wiki nne ni muda mfupi mno kwa chama ambacho mwanachama hugundua hasara yake baada ya miezi. Anayeiacha mipangilio kama alivyoikuta huenda akafuta ushahidi bila kujua, na baadaye aseme kwa haki kabisa kwamba umefutika. Kijana tulimshauri atenge batli mbili: ya vibonye, ya kuhifadhiwa wiki moja, na ya fedha, ya kuhifadhiwa miaka ambayo chama chenyewe kitakubaliana mkutanoni. Si milele pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hairuhusu habari za mtu zihifadhiwe kupita muda unaohitajika, na tangu mwanzo nywila wala nambari ya siri haina kazi katika batli. Ndiyo maana naandika "mtumiaji 04" wala si jina na nambari ya kitambulisho, kama walivyozoea walinzi wetu kumtaka kila mpita njia.

Mama wa Mutindwa alizika mumewe kwa mchango wa dharura. Wanachama walipitisha kofia. Michango yake mitatu haijajulikana ilikokwenda hadi leo, na mikutanoni yeye huketi upande wa mbali na mweka hazina. Wiki iliyopita kijana aliniletea ujumbe wa batli mpya, mistari arubaini na mitatu, niusome kabla hajauingiza katika programu. Mistari sita bado ilikuwa na "imefutwa". Tuliketi kibarazani tukaibadilisha mmoja mmoja, na katika kila mstari akalazimika kurudi ndani ya programu kutafuta ni nani.