Mpira wa Kulishia: Uhai wa Mgonjwa Umo Katika Ufuatiliaji

Na Mwandishi Wetu

Mkopo nafuu wa Sh trilioni 1.3 ambao Tanzania iliupata mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) uliwezesha, pamoja na mambo mengine, ujenzi wa vyumba vya wagonjwa mahututi. Majengo na mashine huonekana na kuhesabika. Ipo kazi isiyokatiwa utepe: kumlisha mgonjwa asiyeweza kumeza, na kumfuatilia kila zamu ili chakula kisije kikamdhuru.

Mgonjwa wa kiharusi, majeruhi wa kichwa au aliyeunganishwa na mashine ya kupumulia hulishwa kwa mpira unaopitishwa puani hadi tumboni. Hatari kubwa ya kwanza ni mpira huo kuingia katika njia ya hewa. Aliyepoteza fahamu huenda asikohoe, na chakula kikaishia mapafuni.

Nchini Uingereza, baada ya vifo vya namna hiyo, mamlaka ya usalama wa wagonjwa ilitoa tahadhari mwaka 2005 dhidi ya mazoea ya kupuliza hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumboni, kwa kuwa sauti hiyo huweza kusikika hata mpira ukiwa mahali pasipo pake. Njia iliyopendekezwa ni kuvuta majimaji kupitia mpira na kuyapima asidi kwa karatasi maalumu. Kipimo cha pH kisichozidi 5.5 huruhusu kulisha. Kikizidi, au majimaji yasipopatikana, hupigwa eksirei.

Uhakiki huo haufanywi mara moja tu. Mpira huweza kuhama mgonjwa anapotapika, anapokohoa au anapouvuta. Kwa sababu hiyo, alama ya sentimita pale unapotokea puani huandikwa katika jalada na kukaguliwa kabla ya kila mlo.

Hata mpira ukiwa mahali pake, chakula huweza kupanda na kumpalia mgonjwa, kisha kusababisha nimonia. Kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 hupunguza hatari hiyo bila gharama yoyote. Kusukuma maji safi kabla na baada ya chakula au dawa huzuia mpira kuziba, jambo linalotokea kwa urahisi uji ukiwa mzito au vidonge visiposagwa vizuri. Mgonjwa akiharisha, chakula kisilaumiwe peke yake. Dawa anazotumia na usafi wa vyombo navyo vichunguzwe.

Hatari isiyoonekana kwa macho humkabili aliyekaa na njaa muda mrefu. Akilishwa kwa wingi ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka katika damu, na moyo huweza kupoteza mapigo yake ya kawaida. Mwongozo wa Uingereza unaelekeza kwamba aliyekosa chakula, au kula kidogo sana, kwa zaidi ya siku 5 aanze kwa kiasi kisichozidi nusu ya mahitaji yake kwa siku 2 za mwanzo, huku damu yake ikipimwa.

Ufuatiliaji bora, hata hivyo, si wingi wa vipimo. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha wagonjwa 449 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, ulionesha kwamba kuacha kupima mara kwa mara mabaki ya chakula tumboni hakukuongeza nimonia. Muda wa muuguzi ni rasilimali, nao uelekezwe kunakookoa maisha.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kuwafikishia huduma wananchi wengi zaidi. Ili kitanda cha mgonjwa mahututi kilete tija iliyokusudiwa, bajeti ya hospitali haina budi kuhesabu pia karatasi za kupimia asidi, vipimo vya damu na wauguzi wa kutosha kwa zamu ya usiku. Ndugu wanaoleta uji kutoka nyumbani nao waelekezwe kumkabidhi muuguzi, wala wasiumimine wenyewe kabla mpira haujahakikiwa.