Wakuu wa Hisani na Shule ya Nicosia

Chama Kikuu cha Hisani cha Waarmenia kiliundwa mjini Cairo mwaka 1906, chini ya Boghos Nubar. Baada ya mauaji ya 1915 kilibeba mzigo wa mayatima, na mwaka 1926 shule ya Melkonian ikafunguliwa mjini Nicosia, kisiwani Cyprus, kwa mali ya ndugu wawili wafanyabiashara wa tumbaku wa Misri. Mayatima wa kwanza walipanda miti mbele ya shule hiyo kuwakumbuka jamaa zao waliouawa.

Mwaka 2005 wakuu wa chama, wenye makao yao New York, waliifunga. Waliosoma hapo walipinga kwa nguvu, hawakufua dafu.

Hatusemi kwamba viongozi hao hawana jema. Alex Manoogian, mhamiaji aliyetajirika Marekani, aliongoza tangu 1953 hadi 1989, na shule nyingi zina deni kwake. Binti yake Louise, aliyemfuata, alisaidia kuanzishwa chuo kikuu mjini Yerevan mwaka 1991. Lakini je, shule iliyokwisha kukabidhiwa watu ni mali ya mfadhili, aifanye atakavyo? Sisi wa visiwani twalijua jambo hili: shule yetu ikifungwa, mtoto hana wilaya ya jirani ya kukimbilia, mbele yake ni bahari.

Tunawaomba wakuu wa Serikali, kila watiapo saini mkataba na chama cha hisani, wadai iandikwe kwamba shule haitafungwa kabla ya wazazi na walimu kusikilizwa.