Mtambo Ukizima, Mgonjwa Asirudishwe Nyumbani

Siku hizi ukimpeleka mtoto mwenye homa kali hospitalini, kuna swali linaloitangulia dawa: je, netiwaki ipo? Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua mahali pa NHIF, shughuli nyingi za bima hupitia kwenye simu na kompyuta.

Kompyuta si adui. Inaweza kuzuia wizi wa pesa za bima na kupunguza makaratasi. Aidha, unaweza kujisajili kwa kubonyeza *147# kwenye simu ya kawaida, bila intaneti. Lakini karani wa hospitali huihitaji ili athibitishe kwamba umelipa. Mtambo ukizima, karani huketi akingoja. Anayeumia ni mgonjwa. Mkazi wa mjini Nakuru huenda akajaribu hospitali nyingine. Je, aliyeteremka kutoka milima ya Kuresoi kwa nauli ya kukopa aende wapi?

Wapo wanaosema kwamba intaneti ni anasa ya vijana. Hebu tuiangalie sheria. Ni kweli kuwa mikataba mingi mikuu ya haki za binadamu haiitaji intaneti, kwani iliandikwa kabla haijaenea. Hata hivyo, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 1972, unampa kila mtu haki ya afya katika kifungu cha 12. Mwaka wa 2000, kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilifafanua kuwa haki hiyo inajumuisha kupata habari za afya, na kwamba huduma zimfikie kila mtu bila ubaguzi. Katiba yetu ya 2010 inasema kuwa mikataba iliyoidhinishwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Kifungu cha 43 kinaongeza kuwa hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakikusema “isipokuwa netiwaki ikipotea”.

Kwa hivyo, serikali ikishauweka mlango wa hospitali ndani ya intaneti, haiwezi kumwambia mwananchi kuwa ufunguo ni shauri lake.

Mambo matatu hayana budi kufanywa. Kwanza, kila zahanati ya umma iwe na intaneti na umeme wa kutegemewa. Hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, nayo SHA ni ya serikali kuu. Zisirushiane lawama huku mgonjwa akingoja. Pili, pawe na daftari na utaratibu wa kumhudumia mgonjwa mtambo unapozima, hesabu zifuate baadaye. Tatu, intaneti isichezewe kwa sababu za siasa. Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, ilivurugika nchini. Mwaka wa 2016, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeshalaani kuikatiza kimakusudi. Ikikatwa, haimbagui mwandamanaji na daktari anayetafuta ushauri wa mwenzake.

Nawe msomaji, ukirudishwa nyumbani kwa sababu ya netiwaki, usiondoke kimya. Muone msimamizi wa hospitali, omba sababu kwa maandishi, kisha umpelekee mwakilishi wa wadi yako. Matibabu si hisani unayofanyiwa. Ni haki yako.