Kushirikiana si Kupiga Msasa

Wewe usomaye ukurasa huu, huenda siku moja mchonga sanamu akaalikwa shuleni kwenu ili afanye kazi moja pamoja nanyi. Siku hiyo tazama neno moja: ni nani aliyeshika tindo?

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mchongaji huja na umbo alilokwisha kuliamua. Yeye huchonga, wanafunzi huteka maji, huzoa vumbi na kupiga msasa. Sanamu ikisimama, wageni huambiwa kwamba imefanywa na watoto. Huo si ushirika. Ni utumishi uliovikwa jina zuri.

Wanaotetea desturi hiyo husema kwamba mtoto akipewa chombo ataharibu jiwe. Ni kweli, ataharibu. Lakini nani aliyejifunza kuchonga bila kuharibu? Huko Tabaka, katika nchi ya Kisii, jiwe laini huchongwa kwa panga na kisu, na ufundi huo watoto huupokea kwa wazazi wao. Ikiwa mzazi humwamini mwanawe na jiwe ambalo ni riziki ya nyumba, shule yaogopa nini?

Wengine hudai kwamba kazi ya mikono mingi haiwezi kuwa na umoja, basi si sanaa. Jibu lao liko Uingereza. Mwaka 1993, mjini St Helens, mchongaji Antony Gormley alikusanya watu wapatao 100, wazee kwa watoto, akawapa udongo wa matofali na masharti machache: kila sanamu ienee mkononi, isimame, iwe na macho mawili. Mengine yote aliviachia vidole vyao. Zilipatikana sanamu 40,000 hivi, zenye kimo cha sentimita 8 mpaka 26. Zikipangwa chumbani, zote humkodolea macho aingiaye. Masharti ndiyo yaliyoleta umoja. Tofauti za mikono ndizo zilizoleta uhai, na tofauti hizo mtu mmoja asingaliweza kuzizua.

Hata hivyo, hapo pia pana deni. Mwaka 1994 Gormley alipewa Tuzo ya Turner, na jina lililotuzwa lilikuwa moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kidole kimoja ndicho kivishwacho pete.

Basi, msomaji, fundi huyo akija msimkatae, maana ujuzi wake ni mali ambayo hamwezi kuipata vitabuni. Mwombeni mambo mawili tu: kila mmoja wenu afundishwe kushika chombo na akitumie, na majina yenu yachongwe chini ya sanamu pamoja na lake. Akikubali, mtiini kwa bidii. Hata msasa upigeni kwa furaha, kwani mtakuwa mnang'arisha kilicho chenu. Akikataa, mwambieni kwa adabu kwamba sanamu hiyo ni yake, na aichonge mwenyewe.